Kusafisha Kabureta na Njia ya Petroli ya Pikipiki

Msimu wa alizeti ufikapo katika kata ya Ulemo, wilayani Iramba, pikipiki ya chama cha msingi hufanya kazi ya watu wengi. Humpeleka katibu vijijini, hubeba vitabu vya stakabadhi, hufuata mahitaji Kiomboi. Ikianza kukohoa na kuzimika njiani, kazi ya mizani husimama na wakulima hungoja juani. Aghalabu kosa si la injini, bali ni la uchafu ulioziba njia ya petroli. Nao waweza kuondolewa nyumbani kwa bisibisi, spana chache na uvumilivu.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa. Hewa inayovutwa na injini hupita katika koo jembamba, hapo huenda mbio na kanieneo yake hupungua. Ndipo petroli hupanda kutoka katika bakuli la chini kupitia vijitundu vya shaba viitwavyo jeti. Kijitundu cha jeti ndogo, ile itumikayo injini inapounguruma polepole, aghalabu hakifiki nusu milimita. Chembe moja ya kutu yatosha kukiziba. Hata petroli yenyewe huziba: ikikaa miezi kadhaa, sehemu iliyo nyepesi hupotea, ukabaki utando wa manjano unaonata kama utomvu. Ndiyo sababu pikipiki iliyowekwa ghalani tangu mvua za kwanza hukataa kuwaka wakati wa mavuno.

Kazi hii ifanyiwe nje, injini ikiwa imepoa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa lililo hatua kadhaa mbali, na moto hurudi kwa njia ile ile. Kibatari, sigara na watoto viwe mbali. Wala petroli isivutwe kwa mdomo, ingawa desturi hiyo imeenea. Ikiingia mapafuni ni hatari kubwa. Aliyeimeza asitapishwe, apelekwe hospitali.

Kabla ya kufungua kabureta, koki ifungwe na petroli ya bakuli itolewe kwa kulegeza skrubu iliyo chini yake, ikingwe katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Chupa hiyo ikitulia kidogo itaeleza mengi. Maji huzama na kukusanyika chini. Kutu huonekana kama vumbi jekundu. Vikionekana, yafaa kuanzia kwenye tangi, kwani kabureta iliyosafishwa chini ya tangi chafu haimalizi juma. Tangi limwagwe, chujio la koki lioshwe, na mpira wa petroli ubadilishwe ukiwa umekauka au kupasuka. Hatua hii mafundi wengi huiruka. Petroli inayonunuliwa kwa chupa kandokando ya barabara ichujwe kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Lakini kitambaa huzuia mchanga, maji hakizuii kwa hakika.

Baada ya hapo kabureta ifunguliwe juu ya sinia, skrubu zisipotee. Skrubu ya hewa, kabla ya kutolewa, izungushwe taratibu mpaka ikome, mizunguko ihesabiwe na kuandikwa. Ikirudishwa kwa kukisia, injini haitatulia. Sehemu za mpira ziwekwe kando. Jeti zilowekwe katika petroli safi, kisha zipulizwe kwa pampu ya baiskeli na kutazamwa kwenye mwanga: kijitundu kizima huonekana cha mviringo kamili. Waya wa chuma au sindano ya kushonea visitumike hata kidogo. Shaba ni laini, na kijitundu kilichopanuka hula petroli nyingi maisha yake yote. Kinachokataa kuzibuka kichokolewe kwa uzi wa kuvulia samaki.

Boya litikiswe sikioni. Likisikika petroli ndani, limetoboka. Ncha ya sindano ya boya ikiwa na alama ya mviringo iliyolika, sindano ibadilishwe, kwani haitaweza kuzuia petroli.

Kabureta ikisharudishwa, koki ifunguliwe na ingojwe dakika chache kuona kama pana uvujaji. Mafuta ya injini nayo yanuswe. Yakinuka petroli, yamwagwe na kuwekwa mapya kabla injini haijawashwa.