DAFTARI MOJA, VITUO VINGI

Tarehe 1 Desemba mwaka 2018, marais wa Tanzania na Kenya walizindua kituo cha pamoja cha mpakani huko Namanga, ambako maofisa wa nchi hizo mbili hufanya kazi katika jengo moja. Lakini maofisa kukaa pamoja ni jambo moja, na kumbukumbu zao kukubaliana ni jambo jingine. Jinsi ya kuzifanya kumbukumbu zilizotawanyika katika kompyuta nyingi zitoe jibu moja ni elimu inayofundishwa katika ngazi za juu za vyuo vikuu, nayo inawahusu askari kuliko wengi wanavyodhani.

Daftari likiwekwa mahali pamoja tu, moto mmoja hutosha kusimamisha kazi ya nchi nzima. Ndiyo sababu nakala zake huwekwa katika miji mbalimbali. Hapo ndipo tatizo jipya linapozuka: nakala zikitofautiana, ipi iaminiwe?

Wanafunzi wa somo hili hupewa mfano ambao askari yeyote ataufahamu. Makamanda wawili wamepiga kambi juu ya vilima viwili, na adui yuko bondeni kati yao. Wakishambulia pamoja watashinda. Atakayeshambulia peke yake ataangamia. Wa kwanza anatuma tarishi kutaja saa ya mashambulizi, lakini tarishi huenda akatekwa bondeni. Kwa hiyo hathubutu kuondoka kabla ya kupata jibu. Wa pili naye, akishajibu, hajui kama jibu lake limefika. Kila uthibitisho hudai uthibitisho mwingine, bila mwisho. Mwaka 1978 mtaalamu wa Marekani, Jim Gray, aliutumia mfano huo kuonyesha kwamba kompyuta mbili zinazotegemea njia isiyoaminika haziwezi kuwa na hakika kamili kwamba zimekubaliana.

Wataalamu hawakuiondoa shaka hiyo, bali waliiwekea mipaka. Huwekwa, kwa mfano, kompyuta tano, na badiliko lolote huhesabiwa kuwa limepita pale tu zinapokubali tatu. Mbili zikiharibika, kazi huendelea. Mawasiliano yakikatika, upande wenye tatu huendelea na wenye mbili husimama, maana katika tano hapawezi kuwa na makundi mawili yenye wingi. Leslie Lamport alichapisha utaratibu wa namna hiyo mwaka 1998. Katika chuo cha MIT huko Marekani, wanafunzi huandika wenyewe programu za aina hii, kisha hujaribiwa kwa kukatiwa mawasiliano makusudi.

Hata hivyo, kuna mpaka usiovukika. Mwaka 2000 Eric Brewer wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitoa hoja ambayo Seth Gilbert na Nancy Lynch wa MIT waliithibitisha kwa hesabu mwaka 2002: kituo kilichotengwa na vingine hakina budi ama kukataa kujibu, ama kujibu kwa kumbukumbu ambazo huenda zimepitwa na wakati. Fedha haziwezi kuliondoa chaguo hilo, wala ustadi.

Fikiria gari lililoibwa Nairobi saa nane usiku na kufikishwa mpakani alfajiri. Ikiwa mawasiliano yamekatika, kompyuta ya mpakani inayotegemea nakala ya jana itasema gari halina kosa. Ile inayokataa kujibu itazuia wasafiri wema pamoja na mwizi. Lipi ni afadhali? Swali hilo halimhusu fundi wa kompyuta. Ni la wakuu wa vyombo vya ulinzi, nao hawana budi kulijibu kabla waya haujakatika.

Askari wa zamu naye ana wajibu wake. Mbele ya kompyuta, swali lake la kwanza liwe: jibu hili ni la saa ngapi? Kwani kutoonekana katika kumbukumbu si ushahidi kwamba gari halikuibwa, na tofauti hiyo ndogo ndiyo mlango anaoutafuta mhalifu.