Punguzo la Nauli kwa Kadi: Asilimia Kumi ya Ngapi?

Ukiona bango steji linasema "Lipa kwa kadi uokoe asilimia 10", usikimbilie kuchukua kadi. Uliza kwanza: asilimia kumi ya ngapi? Sisi kazi yetu ni malipo ya simu, na tungefurahi sana kuona kila abiria ameachana na sarafu. Lakini hilo swali hata sisi tungeliuliza.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme unatoka Rongai kuja tao kila siku, 100 kwenda na 100 kurudi. Siku 22 za kazi ni 4,400. Asilimia 10 ya hiyo ni 440 kwa mwezi, na hiyo si pesa ya kuchezea. Sasa mvua inyeshe saa kumi na moja jioni. Makanga yuko mlangoni anaita "mia na hamsini, mia na hamsini". Unagusisha kadi, unapunguziwa 15, unalipa 135. Umepewa punguzo lako lote kama ulivyoahidiwa, na bado umelipa 35 zaidi ya jana.

Hapo ndipo shida iko. Nauli za matatu Kenya hazipangwi na serikali. Sacco na wenye magari ndio hupanga, na bei hupanda na kushuka na foleni, mvua, sikukuu na bei ya mafuta. Punguzo la asilimia juu ya bei isiyotulia ni kama kukatiwa kitambaa kwa futi ya mpira. Ndiyo maana tunaona faida kubwa ya kadi, ikifanywa vizuri, ni bei kuandikwa mahali na kukaa hapo. Punguzo lifuate baadaye.

Angalia wanavyofanya kwingine. Kwenye Metro ya Delhi, nauli hupangwa kwa umbali na inajulikana kabla hujaingia. Mwenye kadi hupunguziwa asilimia 10 kila safari, na akisafiri masaa yasiyo na msongamano anaongezewa asilimia 10 nyingine. London, mabasi yaliacha kupokea pesa taslimu Julai 2014, na tangu 2016 ukishuka basi moja ukapanda jingine ndani ya saa moja hulipi tena. Hebu fikiria hiyo kwa mtu wa Kayole anayebadilisha gari tao kwenda Westlands! Lakini iliwezekana huko kwa sababu kuna mamlaka moja inayopanga nauli za mabasi yote, na mvua haina kura kwenye mkutano wao.

Kwani hapa hatukujaribu? Tulijaribu, tena mapema. Mwaka 2013 Google na benki ya Equity walileta BebaPay, kadi uliyogusisha kwenye simu ya kondakta ukapata ujumbe wa malipo. Halafu serikali ikaweka sheria kwamba kufikia tarehe 1 Julai 2014 magari yote ya abiria yapokee nauli bila pesa taslimu. Kadi zikamiminika sokoni, ikiwemo ile ya My 1963. Tarehe ikafika, ikasogezwa, ikasahaulika. BebaPay yenyewe ikafungwa 2015.

Watu wengi husema ilikufa kwa sababu Wakenya wanapenda keshi. Sisi hatukubaliani. Wakenya hao hao walikuwa wameshazoea M-Pesa tangu 2007. Ilikufa kwa sababu ya hesabu. Kwenye matatu nyingi, dereva na makanga humpelekea mwenye gari kiasi walichokubaliana kwa siku, na kinachobaki baada ya mafuta, kuosha gari, steji na yale mengine ya barabarani (unayajua) ndiyo riziki yao. Kadi inachukua kila shilingi na kuipeleka moja kwa moja kwa akaunti ya mwenye gari. Mwenye gari anafurahi, kwa mara ya kwanza anaona gari lake linaingiza ngapi. Makanga naye anabaki kuuliza: mimi nitalipwa na nani, na petroli ya saa nne asubuhi naweka na nini? Bila mshahara wa kueleweka, jibu lake kwako lilikuwa rahisi: "Mashine imeharibika, toa keshi."

Kwa hivyo ukisikia sacco yako inaleta kadi yenye punguzo, chunguza kama wafanyakazi wake wanalipwa mshahara. Kama hawalipwi, punguzo linatoka mfukoni mwa mtu anayekushikia mlango, na hatakubali kwa muda mrefu.

Pesa ikiwa ndani ya kadi

Ukiweka 1,000 kwenye kadi, umempa mtu pesa yako leo kwa safari za wiki ijayo. Sheria ya mifumo ya malipo ya mwaka 2011 na kanuni zake za 2014 zinataka pesa za wateja wa malipo ya simu zihifadhiwe chini ya wadhamini, mbali na pesa za kampuni. Kabla ya kujaza kadi, angalia kama kampuni iko kwenye orodha ya watoa huduma za malipo walioidhinishwa na Benki Kuu ya Kenya. Orodha hiyo iko wazi kwa tovuti yao. Kama haimo, muulize anayekuuzia kadi ni nani anashika pesa yako, na kampuni ikifunga utairudisha vipi. Akianza kuzungukazunguka, shika mia zako.

Hata kadi ikiwa safi, ushauri wetu ni kujaza ya wiki moja tu. Isajili kwa namba yako ya simu, kwa sababu kadi isiyo na jina ikipotea ni sawa na noti imeanguka. Na usiguse mashine kabla hujaona kiasi kilichoandikwa. Ni rahisi sana 50 kuwa 500 gari likiruka matuta.

Wengi wenu hamna kadi na mnalipa makanga kwa simu. Hapo pia kuna punguzo lililojificha. Kwa M-Pesa, kutuma 100 au chini ni bure, lakini kuanzia 101 hadi 500 unakatwa 7. Nauli ya 120 inakuwa 127 na hakuna aliyekuambia nauli imepanda. Kwa safari 44 za mwezi hiyo ni 308. Gari likiwa na till ya kununua bidhaa, lipa hapo, kwa sababu mteja hakatwi kitu. (Ndiyo, kuna wanaotuma 100 halafu 20 ili wasikatwe. Inafanya kazi, ila usijaribu ukiwa umesimama mlangoni na watu kumi nyuma yako.) Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea na ulinganishe na lile lililobandikwa garini.

Jambo la mwisho ni la asubuhi. Kadi ikiwa na 45 na nauli ni 50, usitegemee mashine itakukopesha 5. Angalia salio usiku, ujaze ukiwa nyumbani, kwa sababu saa kumi na moja na nusu alfajiri ajenti wa steji bado amelala.