Chini ya kucha panawasha au panauma? Usichokonoe, fanya hivi

Leo tuweke pembeni mambo ya bei na matangazo, tuongelee vidole. Ukiuza mtandaoni, wewe ndio mpiga picha, wewe ndio mfungaji wa mizigo, wewe ndio wa kujibu meseji. Kidole kimoja kikivimba, oda zinalala.

Ile ngozi ya chini ya kucha ni laini, na kazi yake ni kuziba ili uchafu usiingie ndani. Ikichubuka, mlango umefunguka. Na sisi tunaichubua kila siku: tunatafuta mwanzo wa selotepu kwa kucha, tunabandua lebo, tunafungua maboksi kwa vidole, tunafua mitumba kwa sabuni ya unga. Halafu jioni tunachokonoa uchafu kwa pini. Hiyo pini ndio mbaya kuliko vyote, kwa sababu inaitenganisha ngozi na kucha, na nafasi inayobaki inakusanya uchafu zaidi.

KAMA PANAWASHA AU PAMECHUBUKA TU

1. Kata kucha iwe fupi, ila usiikate mpaka kwenye nyama.

2. Chukua maji yaliyochemshwa yakapoa hadi uvuguvugu. Nusu lita, weka chumvi kijiko kimoja cha chai. Loweka vidole dakika 10 hadi 15. Uchafu utalainika wenyewe.

3. Osha kwa sabuni ya kuogea ya kawaida. Kama kuna uchafu umebaki, pitisha mswaki laini juu juu. Uwe wa kazi hiyo tu.

4. Kausha vizuri, hata chini ya kucha. Unyevu unaokaa pale unalea fangasi na bakteria.

5. Paka mafuta ya mgando kidogo, hasa usiku.

Rudia mara 3 au 4 kwa siku. Mchubuko mdogo huwa unatulia ndani ya siku chache. Ila kama kucha imeachia, usiibandue. Kucha ya mkono inakua kama milimita 3 tu kwa mwezi, kwa hiyo uwe mvumilivu.

USIPAKE HIVI

Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, limao, dawa ya meno: vyote vinaunguza. Spiriti ya kila siku inakausha na kupasua ngozi. Krimu za kuchanganya za dukani usipake kwa kubahatisha, nyingi zina dawa inayozima muwasho huku fangasi akiendelea kukua.

Kama muwasho ulianza baada ya kuweka kucha za bandia au za jeli, huenda ngozi imekataa gundi au rangi yake. Zitoe kwa utaratibu, usizing'oe, na usirudie.

NENDA KITUO CHA AFYA KAMA

Kuna usaha, kidole kinapwita hadi hulali, ncha ya kidole imevimba na kukaza, unaona mstari mwekundu unapanda mkononi, au una homa. Huyo ndio mdudu wa kidole, hapasuliwi nyumbani kwa wembe. Mwenye kisukari asisubiri dalili zote hizo, aende mapema. Aliyechomwa na pini au msumari mchafu aulizie sindano ya pepopunda. Na ukiona mstari mweusi chini ya kucha ambao haukutokana na kujigonga, uonyeshe kwa daktari.

WAUZA CHAKULA, HII NI YENU

Kidole chenye usaha kisiguse keki, juisi wala sambusa. Bakteria wa kwenye usaha wanaweza kuacha sumu kwenye chakula, na sumu hiyo haiishi hata ukipasha moto. Mteja akitapika leo, kesho hanunui, na atawaambia wenzake. Bora umpe mtu mwingine kazi ya jikoni mpaka upone.

KUJIKINGA

Kunja ncha ya selotepu kila ukimaliza, kesho hutaitafuta kwa kucha. Boksi fungua kwa kisu cha karatasi. Ukifua, vaa glovu za mpira, na usizivae zikiwa na maji ndani. Gharama yake ni ndogo kuliko siku tatu bila kufunga mzigo.

Mtumie mwenzako anayefunga mizigo kila siku, itamsaidia.