Umri Mkubwa na Safari za Miguu Katika Barafu ya Ncha za Dunia: Sehemu ya Pili

Barafu inayovukwa kwa miguu katika ncha mbili za dunia si ya aina moja, na tofauti hiyo haina budi kueleweka kabla ya kuuliza iwapo mtu aliyepita miaka hamsini aweza kuivuka. Katika Ncha ya Kusini msafiri hukanyaga bara zima, Antaktika, lililofunikwa na barafu yenye unene wa wastani unaokaribia kilomita mbili, na njia yake hupanda polepole hadi mita 2,835 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni hafifu hata kuliko kimo hicho kinavyodokeza. Katika Ncha ya Kaskazini hakuna nchi kavu. Huko barafu ni maji ya Bahari ya Aktiki yaliyoganda kwa mita chache tu, ambayo upepo na mikondo huyasukuma, huyapasua na kuyagonganisha hata yakafanya matuta ya mapande makubwa, na katikati yake ikabaki mifereji ya maji meusi.

Juu ya barafu hiyo msafiri huvaa skii, yaani mbao ndefu nyembamba za kutelezea, akajifunga mikanda kiunoni na mabegani ili avute sleji, chombo kisicho na magurudumu kinachobeba hema, mafuta ya jiko na chakula chote. Waingereza Ranulph Fiennes na daktari Mike Stroud walipovuka Antaktika mwaka 1992 na 1993, kila mmoja alianza na mzigo wa kilo 220 hivi, na vipimo vya Stroud vilionyesha kwamba walipokuwa wakipanda uwanda wa juu miili yao ilitumia zaidi ya kilokalori 10,000 kwa siku, kiasi ambacho hakuna tumbo linaloweza kukirudisha kwa kula. Fiennes wakati huo alikuwa na miaka 48. Miaka kumi na moja baadaye, Januari 2004, Simon Murray alifika Ncha ya Kusini kwa miguu pamoja na Pen Hadow akiwa na umri wa miaka 63.

Je, umri humpunguzia nini mtu wa namna hiyo? Misuli hupungua, na kwa kuwa misuli ndiyo inayozalisha joto mtu anapotembea au kutetemeka, akiba ya joto nayo hupungua. Mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi hujikaza kwa uvivu zaidi baridi inapoingia, hivyo joto la ndani hupotea upesi. Na hisia ya kiu hudhoofika, jambo la hatari katika hewa kavu mno ambamo kila tone la maji ya kunywa hupatikana kwa kuyeyusha theluji. Hasara hizo ni za kweli na hazifai kufichwa. Hata hivyo, barafu haimpi ushindi mwenye nguvu nyingi, kwani anayevuta kwa pupa hutoka jasho, jasho hulowesha nguo, na nguo iliyolowa huganda mwilini mara tu anapopumzika. Mwendo unaofaa ni ule wa polepole usiobadilika, saa baada ya saa, huku zipu ikifunguliwa kabla joto halijazidi na glavu zikivaliwa kabla vidole havijafa ganzi, na mazoea hayo hupatikana kwa miaka mingi.

Ushahidi mzuri ni safari ya Mnorwe Børge Ousland, aliyekuwa na miaka 57, na Mike Horn mwenye 53, walioivuka Bahari ya Aktiki mwishoni mwa mwaka 2019 katika giza la majira ambayo jua halichomozi kabisa. Barafu ilikuwa nyembamba, nayo ilielea kinyume cha njia yao, hata wakalala wakisogea nyuma na chakula kikakaribia kwisha, mpaka wenzao wawili wakatoka melini kwenda kuwapokea. Walivumilia mambo ambayo yangewavunja moyo vijana wengi hodari.

Lakini ustahimilivu huohuo waweza kumficha mtu ugonjwa wake. Henry Worsley, mwenye miaka 55, alikuwa amebakiza takriban kilomita 50 tu kuivuka Antaktika peke yake alipoomba kuokolewa Januari 2016, baada ya siku zaidi ya 70, na alifariki hospitalini Punta Arenas, Chile, kwa uvimbe wa utando unaozunguka matumbo uliosababishwa na bakteria. Maumivu ya tumbo, uchovu na kukonda ni mambo ya kawaida kwa kila avutaye sleji, na ndiyo maana dalili za maradhi hayo ni rahisi kudhaniwa kuwa machovu ya njia. Kwa sababu hiyo msafiri wa umri mkubwa apaswa kupatana na daktari wake, kabla ya kuondoka, juu ya dalili zitakazomlazimu kuita ndege siku ileile, bila kujali umbali uliobaki. Chakula, mafuta na hesabu ya mzigo vitaelezwa katika sehemu ijayo.