NYOKA WENYE SUMU MAJINI NA KATIKA MAJARUBA

Leo tuyaache kidogo mambo ya mbolea na nafasi za kupandikiza miche. Majaruba yanapojaa maji, kila kijiji cha mpunga ninachopita naulizwa swali lile lile: "Bwana Shamba, ni kweli nyoka akiwa majini hana sumu?"

Jibu ni hapana. Najua wengi tumelelewa na maneno hayo, kwamba nyoka akitaka kuingia majini huitema sumu yake juu ya jiwe, akitoka huilamba tena. Kwa heshima zote kwa wazee wetu, sumu ya nyoka haiwekwi kando kama ugoro. Iko katika vifuko viwili ndani ya kichwa chake, nyuma ya macho, na anakwenda nayo popote aendako.

Ushahidi tunao hapa hapa nchini. Ziwa Tanganyika lina swila wa maji, nyoka mwenye sumu kali ambaye anaweza kuzidi urefu wa meta 2. Mchana na usiku huzamia kati ya mawe kutafuta samaki, na anaweza kukaa chini ya maji kiasi cha dakika 10 bila kuvuta pumzi. Samaki hao huwauma humo humo majini. Kama angekuwa anaiacha sumu ufukoni, si angekufa njaa? Lakini ni mpole. Akiona mtu hujiendea zake. Hatari inakuja anaponaswa na wavu, na mvuvi akataka kumtoa kwa mikono.

Wewe wa Kilombero au Mbarali swila huyo wa ziwani hutamwona. Lakini kifutu, koboko na swila wa nchi kavu wote wanajua kuogelea. Pafu la nyoka ni refu, linafuata sehemu kubwa ya mwili, na likijaa hewa humsaidia kuelea. Kifutu, ambaye nchi kavu ni mzito na mvivu, majini huelea juu juu kama kipande cha gogo. Usimdhanie kuni akipita kando yako.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Mwaka mmoja wa mafuriko walikuwapo ndugu wawili waliokuwa wakivusha mbegu ya mpunga kwa mtumbwi. Katikati ya maji wakamwona nyoka anawajia moja kwa moja, kichwa juu. Kaka mtu akasimama na pondo ampige. Mtumbwi ukapinduka. Magunia mawili ya mbegu yakazama, na yule mdogo, asiyejua kuogelea, aliokolewa na watu waliokuwa wakivua jirani. Na nyoka je? Alipita akapanda juu ya mti. Msimu ule walipanda mbegu ya kukopa.

Walidhani anawafukuza, na ndivyo wengi tunavyodhani. Lakini macho ya nyoka yako usawa wa maji, haoni mbali. Amechoka, anatafuta kitu chochote kikavu kilichosimama juu: mti, kichuguu, mtumbwi, hata paa la kibanda chako. Kwa hiyo ukimwona anakuja, kaa chini. Piga maji kwa kafi, geuza mtumbwi umpishe. Kama umesimama majini, rudi nyuma taratibu umwachie njia. Usimshike wala usimguse, maana majini pia anauma.

Kwa hakika mimi simwogopi sana nyoka anayeogelea, kwa sababu namwona. Namwogopa aliyekwisha toka majini. Nyoka hana joto lake mwenyewe. Baada ya usiku wa baridi na maji hupanda juu ya tuta la jaruba kuota jua. Na hapo juu ya tuta ndipo penye mashimo ya panya, na ndipo nasi tunapopita pekupeku asubuhi tukienda kufungulia maji. Kifutu hakimbii akisikia nyayo. Hutulia tuli, akitegemea rangi yake imfiche, mpaka umkanyage.

Basi fyeka majani ya matuta yabaki mafupi, uzibe mashimo ya panya. Vaa mabuti ya mpira. Asiyenayo achukue fimbo ndefu, apigepige majani mbele yake. Usiku usitoke bila kurunzi. Mgono wako wa samaki usiuingize mkono ndani kabla ya kuumimina chini mahali peupe, kwa sababu nyoka naye hufuata samaki na vyura. Na wakati wa mavuno, ukiwa umekwisha kausha maji, angalia sana kile kipande cha mwisho ambacho hakijakatwa. Panya wote wa jaruba wamekimbilia humo, na nyoka amewafuata. Watoto wasiachwe kuwinda panya hapo kwa mikono.

Ikitokea swila amekutemea sumu machoni, usisugue. Osha kwa maji mengi safi, dakika 15 au zaidi, halafu nenda zahanati. Usitie utomvu wa majani wala dawa nyingine yoyote.

Akikuuma, toka majini ukae. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Kiungo kilichoumwa kifungiwe ubao au fimbo kwa kanga, kisikaze sana, ili kisitikisike. Mgonjwa asitembee, abebwe. Habari za kuchanja, kunyonya, kufunga kamba ya kukaza, kumwagia mafuta ya taa au kubandika jiwe jeusi, tuziache. Zinapoteza saa ambazo mgonjwa hana. Sumu ya kifutu huvimbisha na kuozesha nyama. Ya koboko hulegeza kope, kisha kumeza kunakuwa kwa shida, kisha pumzi. Usimtafute nyoka ili umpeleke hospitali, na hata aliyekatwa kichwa usimwokote, maana kichwa hicho bado kinaweza kuuma.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, na wanaoumwa zaidi ni sisi watu wa mashambani. Si kila zahanati ina dawa ya kuzuia sumu. Kabla ya palizi ya kwanza, kamati ya mfereji iulize ni hospitali ipi ya karibu inayo dawa hiyo, na ipatane kabisa na mwenye pikipiki au baiskeli atakayemchukua mgonjwa, hata kama ni usiku wa manane na mvua inanyesha.