Namna ya Kukishinda Kitabu Kirefu

Kijana wa chuo hurudi likizo na mabuku mazito. Taa huwaka hata usiku wa manane, naye mama husifu bidii ya mwanawe. Lakini mtihani ufikapo, kijana hakumbuki neno. Ada imekwisha kulipwa kwa mshahara wa baba, na watu humwita mvivu. Kumbe si mvivu. Hakufundishwa namna ya kusoma.

Askari ni miongoni mwa watu wa kwanza walionufaika na namna hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilipeleka askari vijana vyuoni wajifunze kwa haraka uhandisi, lugha na utabibu. Mwalimu Francis Robinson wa Chuo Kikuu cha Ohio State alieleza njia yake kitabuni mwaka 1946. Hatua zake ni tano.

Kwanza, mwanafunzi huipitia sura nzima kwa dakika chache: vichwa vya habari, picha na muhtasari wa mwisho, kama askari wa doria aipelelezavyo njia kabla kikosi hakijaondoka. Pili, hukigeuza kila kichwa cha habari kuwa swali. Tatu, husoma sehemu ile akitafuta jibu. Nne, hufunga kitabu na kujibu kwa maneno yake mwenyewe. Tano, amalizapo sura, huyakumbuka yote tangu mwanzo.

Hatua ya nne ndiyo nzito, na ndiyo wengi huiruka. Mwaka 2006 wataalamu Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliijaribu huko Marekani. Wanafunzi waliosoma makala kwa vipindi vinne walikumbuka asilimia 40 tu baada ya juma moja. Wenzao waliosoma kipindi kimoja, kisha wakajikumbusha mara tatu bila kuitazama, walikumbuka asilimia 61. Ajabu ni kwamba baada ya dakika tano, wale wa kwanza ndio walioongoza. Hivyo ndivyo kusoma tena na tena kumdanganyavyo mtu.

Hapa mzazi anaweza kusaidia, hata asiyejua somo lenyewe. Jioni na amwambie kijana: "Mwanangu, funga kitabu, unieleze ulichosoma leo." Akieleza vema, ameelewa. Akibabaika, asikemewe, afungue kitabu, atafute palipompotea.