Mkono bandia, rangi ya mwenyewe

Aliyesagwa mkono na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, huko Segese mkoani Shinyanga, au aliyelipukiwa na baruti duarani, yaani ndani ya shimo la mgodi, kwanza hutafuta kupona. Akishapona, huanza kuficha. Mkono huingia mfukoni sokoni, kanisani, hata msibani. Hapo ndipo mkono wa silikoni unapopata kazi, ijapokuwa haushiki moko wa kuchimbia wala haunyanyui kiroba cha mawe. Kazi yake ni kumpunguzia mtu macho ya watu, na kazi hiyo inategemea rangi.

Ukanda huu wa Shinyanga na Geita una jeraha jingine. Watu wenye ualbino wameshambuliwa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani potofu kwamba vinaleta utajiri, na watoto wengi walikimbiziwa katika kituo cha Buhangija, mjini Shinyanga, kwa usalama wao. Kwa hiyo fundi wa viungo bandia wa huku hana budi kuzimudu ngozi mbili zilizo mbali sana kwa rangi.

Kwenye ngozi nyeusi, wengi hukosea kwa kukimbilia rangi nyeusi. Ukiimimina, mkono unatoka mfu. Ngozi yetu ina kahawia, wekundu wa damu, umanjano na ubuluu kwa mbali. Oksidi za chuma, hizohizo zinazoupa udongo wa kanda hii wekundu wake, ndizo zinazotoa kahawia, nyekundu na manjano ya fundi. Nyeupe huchotwa kwa ncha ya kijiti; ikizidi, mkono unapauka utadhani mwenyewe hajapaka mafuta.

Rangi huingia kwa awamu mbili. Ya ndani huchanganywa na silikoni ikiwa bado uji, na huachwa nyepesi kidogo kuliko ngozi yenyewe, kwa kuwa matabaka ya juu yataikoleza. Ya nje ni silikoni iliyolainishwa kwa kiyeyushi, ikapakwa nyembamba, tabaka juu ya tabaka. Vifundo vya vidole hukolezwa, kiganja hufifishwa, kucha hupewa waridi. Kwa mwenye ualbino, msingi ni krimu na waridi, kisha madoa ya jua hurushwa kwa ncha ya brashi, kwa kuyafuata yale ya mkono uliobaki.

Rangi ya ukutani haifai hapa, wala ya kucha: itabanduka, maana kinachoshikana na silikoni ni silikoni mwenzake. Hata glavu zina masharti. Zile za mpira wa asili huacha salfa, na silikoni inayogandishwa kwa platini ikiguswa nayo hubaki inanata.

Halafu kuna mwanga. Mwishoni mwa mwaka 1917, msanii Mmarekani Anna Coleman Ladd alifungua karakana mjini Paris, akawatengenezea askari waliojeruhiwa usoni vinyago vya shaba nyembamba. Alivipaka rangi vikiwa vimevaliwa, akitafuta rangi ya katikati ambayo ingekubali siku ya mawingu na siku ya jua. Kwa jua la Segese, somo hilo bado lina uzito: mteja atolewe uani mchana, kisha arudishwe chini ya taa, kwa kuwa rangi mbili zinazopatana nje zinaweza kukataana ndani.

Tanzania haianzi sifuri. Chuo cha TATCOT, kilichopo katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, kimefundisha mafundi wa viungo bandia tangu miaka ya 1980, wakiwamo wa nchi nyingine za Afrika. Lakini Moshi ni mbali kwa mtu wa Segese, na mkono uliochaguliwa kwenye orodha ya rangi za kiwandani haukumwona mvaaji wake.

Tena rangi haidumu. Jua huififisha, vumbi na jasho huichafua. Sabuni laini na maji husaidia, petroli huharibu. Ndiyo maana mfadhili, awe mgodi au shirika, anayeahidi mkono bandia anastahili kuulizwa swali moja kabla ya kupigiwa makofi: utakapopauka, nani ataupaka upya, na wapi?